Kifaranga Kilicholala Chumbani kwa Nyamizi

Kilichotoka tumboni kwa dada yangu kilikuwa na nywele.

Hapana, ngoja niseme sawasawa. Kilikuwa nywele. Nywele tupu.

Muuguzi alikileta kwenye bakuli la bati, amekifunika kitambaa cha kijani, akauliza, "Ndugu wa Nyamizi?"

Tukasimama wawili. Mimi Onesmo, kaka yake, na Luka, mume wake.

Akafunua.

Nina miaka kumi na moja kwenye machimbo ya Geita. Nimeona mtu akitolewa shimoni siku ya nne, kavimba, na jioni nikala wali wangu kama kawaida. Mimi si mtu wa kutapika ovyo.

Siku hiyo nilitapika.

Dude lilikuwa refu kama kiatu cha mtu mzima. Jeusi, linang'aa ute, limekaa umbo la tumbo lenyewe kama ugali ulioganda kwenye sufuria. Lilikuwa na mkia, na ule mkia ulikuwa umejipenyeza hadi utumboni. Harufu yake sasa! Vyakula vya wiki nzima vimenasa mle, vimeozea mle, ndani ya mtu anayetembea na kusalimia watu.

Luka hakutapika. Luka alitoa simu, akapiga picha.

"We mwanaume, unafanya nini?" nikamuuliza huku najifuta mdomo.

"Ushahidi, shemeji. Mganga alisema nywele. Nywele si hizi hapa? Yule shangazi yenu sasa atasemaje?"

Muuguzi hajarudisha kitambaa, picha imeshaingia kwenye grupu la ukoo. Chini kaandika kwa herufi kubwa: MGANGA HAKUKOSEA.

Nikajua papo hapo kwamba shangazi yangu Apolonia, bibi wa miaka sabini na mbili, anaweza asiione Jumapili.

Nirudi nyuma kidogo tuelewane.

Sisi kwetu ni Nyang'hwale, ukitoka Kharumwa unapiga pikipiki kama nusu saa. Nyamizi ananifuata mimi kuzaliwa. Tangu yuko darasa la tatu nimekuwa nikimwona anafanya kitu kimoja, na hicho kitu kilikuwa kinanichefua mpaka nahama mkeka.

Anapenyeza vidole chini ya kitambaa cha kichwa. Anapapasa, anachagua. Anaupata unywele mmoja, anaung'oa. Anaiangalia ile ncha yake, pale penye kitu cheupe kama yai la chawa. Anaupitisha kwenye midomo, taratibu. Kisha anaing'ata ile sehemu nyeupe.

Kisha anaumeza wote.

Mama alimnyoa kwa wembe. Akampaka pilipili vidoleni. Akamchapa kwa mwiko, kwa ndala, kwa waya wa redio. Nywele zikiota tu, mkono unapanda. Utosini alikuwa na uwanja mtupu kama pale ng'ombe wanapolala. Ndiyo maana hata mume wake hakuwahi kumwona bila kitambaa mchana.

Mimi nilijua yote hayo, nikakaa kimya. Aibu. Nani anataka kusema dada yake anakula nywele?

Halafu mwaka jana tumbo likaanza. Anakula vijiko vitatu, anatapika. Juu ya kitovu pakawa pagumu, ukigusa unasikia kama jiwe. Luka akatangaza kilabuni kwamba ni mimba ya kidume. Miezi tisa ikapita, ikafika kumi na miwili, kidume hakijaja.

"Basi huyu kafanyiwa kitu," Luka akasema. "Twende kwa Januari."

Januari ni mganga. Ana nyumba ya bati jekundu, dishi la televisheni, simu mbili na foleni ya watu kuanzia asubuhi. Anapiga ramli kwa kifaranga. Wengi mnaoijua kanda yetu mnajua ilivyo: kifaranga kinalala chumba cha mgonjwa usiku mmoja, asubuhi mgonjwa anakitemea mate mdomoni, mnakipeleka kwa mganga, anakipasua na kusoma ndani. Ugonjwa umehamia kwenye kifaranga, ndivyo wanavyosema.

Aliyekibeba kifaranga hicho ni mimi. Nilikifunga ndani ya koti, kinanifinya kifua njia nzima. Sijitoi kwenye hili. Nilikwenda kwa miguu yangu.

Januari akakipasua kwa wembe. Akashika bawa, akashika ini, akatikisa kichwa. Alipofungua firigisi, akaisogeza kwenye mwanga.

Akavuta unywele.

Mrefu, mweusi, umelowa. Akavuta wa pili. Wa tatu ukaja umejisokota na punje ya mtama.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Mgonjwa ana nywele tumboni. Katupiwa."

Mama mmoja kwenye foleni akapiga yowe, "Mayu wee!"

"Na nani?" Luka akauliza.

"Mimi sitaji jina, serikali imekataza." Akacheka kidogo, mbwa yule. "Ni mwanamke, mtu mzima, upande wa baba wa mgonjwa. Macho yake si kama ya watu wengine."

Hakutaja jina. Hana haja. Upande wa baba yetu kuna mwanamke mtu mzima mmoja tu, na macho yake ni mekundu kama nyanya zilizopasuka. Shangazi Apolonia.

Na mimi, ninayejisifu kusoma kila karatasi inayofungiwa maandazi, nilirudi hatua nyuma. Nilijua nywele za Nyamizi zimefikaje tumboni kwa Nyamizi. Lakini kuku alijuaje? Kuku hana mdomo wa kuambiwa!

Nikanyamaza tena.

Ukoo ukamwita shangazi, akakana. Baba mdogo Athanas, mdogo wake wa tumbo moja, akasema, "Tutasubiri tuone." Siku nane baadaye Nyamizi akazirai kisimani. Nikampakia kwenye gari, nikampeleka hospitali Geita bila kumuuliza mtu. Luka akaja nyuma analalamika.

Wakamfungua. Mengine nimeshawaambia.

Sasa mnaielewa ile picha. Mganga kasema nywele, hospitali imetoa nywele. Kwa watu wangu kesi imekwisha hapo, hata hakimu hahitajiki.

Mimi nina ugonjwa mmoja wa ziada: sisahau. Mwaka 2007 nikiwa kijana walimmaliza bibi Sikujua kwa panga, akiwa anachambua mchicha. Mwaka 2011 mama mmoja jirani ya kanisa. Wote wawili walianza na kikao cha ukoo. Baada ya kikao ni kutengwa: hupewi moto, huchoti maji, husalimiwi. Baada ya kutengwa wanakuja "watu wasiojulikana". Wasiojulikana! Nawajua kwa majina. Mmoja anakusanya sadaka mpaka leo, na mikono yake anainyoosha juu wakati wa sala.

Mchana ule ule wa bakuli akaja daktari wa afya ya akili, dada mdogo mdogo, anaitwa Ritha. Tukakaa kwenye benchi la nje ya wodi.

"Kaka Onesmo, zile nywele ni zake mwenyewe. Ulikuwa unajua anazila?"

"Sijui chochote, daktari."

"Sawa." Akaandika. Bila kuinua kichwa akauliza, "Kwenye begi lako mna nini?"

"Nguo tu."

"Umeishika zipu yake mara saba tangu tukae."

"Huwa ni saba," nikajibu. Ilinitoka tu, kama pumzi.

Akafunga daftari. "Niambie."

Nikamwambia. Sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Kazini ninatunza stoo ya karasha, pale tunaposaga mawe ya dhahabu. Nikifunga kufuli naondoka, hatua ishirini narudi. Navuta. Mara saba. Nikikosea hesabu naanza upya. Kuna siku nimefika nyumbani, nimevua viatu, nikarudi kilomita nne kwenda kuvuta kufuli ambalo nilijua kabisa limefungwa.

"Usiporudi inakuwaje?"

"Naona wezi wameshaingia. Kifua kinabana kama nimewekewa kifusi."

"Ukishavuta?"

"Kinaachia."

"Kwa muda gani?"

"Dakika tano hivi," nikasema, na mwenyewe nikajionea huruma.

Daktari Ritha akanieleza kwa Kiswahili cha kawaida, hakunitupia Kizungu usoni.

"Wewe unaongozwa na hofu. Unafanya ili baya lisitokee. Nyamizi hakuna anachokiogopa. Kwake kuna kitu kinawasha ndani, kinapanda, kinapanda, mkono unaondoka, mara nyingi hata hajui umeondoka. Unywele ukitoka anapata raha kidogo. Halafu inakuja aibu. Halafu kinaanza kupanda tena."

"Kwa hiyo tunaumwa kitu kimoja?"

"Ni magonjwa ndugu, ila si pacha. Zamani huo wake uliwekwa kundi moja na watu wanaoiba vitu wasivyovihitaji, na wanaochoma moto bila sababu. Watu wa kushindwa kujizuia. Siku hizi vitabu vimeuhamishia upande wako, kwa jirani. Wakubwa wetu bado wanabishana. Ninachokiona mimi, kwenye familia moja mara nyingi unakuta hayo magonjwa yamepanga, mmoja chumbani, mwingine sebuleni."

"Na dawa?"

"Zipo. Ila mafunzo yenu ni tofauti. Wewe utajifunza kufunga mara moja, uondoke na hofu yako mpaka ichoke yenyewe. Yeye atajifunza kuudaka mkono kabla haujafika kichwani, aupe kazi nyingine. Na kumchapa si dawa, mkawaambie na wengine."

Nikakaa pale hasira zinanipanda mpaka masikio yakawaka.

Maana mimi kazini naitwa Kufuli. Bosi akileta wageni ananionyesha: "Huyu ndiye mtu makini kuliko wote hapa." Ugonjwa wangu umenipa kazi! Umenipa jina! Dada yangu, damu ile ile, kwa kitu kinachokaa nyumba moja na changu, alipigwa kwa waya wa redio. Na sasa ajuza wa watu anaenda kukatwakatwa.

Simu ikaita. Sauti ya baba mdogo Athanas kwenye grupu la ukoo: "Kesho saa nne kikao kwangu. Sungusungu wana taarifa. Apolonia aje mwenyewe au aletwe."

Luka alishaondoka. Mke ana mshono wa siku moja tumboni, yeye anawahi kikao.

Nikaingia wodini. Nyamizi alikuwa macho, midomo imekauka.

"Wamezitoa?"

"Zote."

"Wamekuambia ni zangu?"

"Nilikuwa najua, Nyamizi."

Akanigeuzia macho. "Toka lini?"

"Toka darasa la tatu."

Nikaona mkono wake unapanda, polepole, unatafuta kitambaa. Hakujua kama unapanda. Nikaushika.

"Na hukuwahi kusema," akasema.

Nikaendelea kuushika, nikamweleza habari ya kikao cha kesho.

"Mimi nilikatazwa kusema, kaka. Wewe nani alikukataza?" Machozi yalimtoka yakaingia sikioni. "Shangazi alikuwa ananisuka akiona pale utosini, ananifunika, hasemi kitu. Wakimuua mimi sirudi kule. Nenda ukaseme. Sema mbele ya watu wote, ruhusa nimekupa."

Asubuhi nikadandia gari la kwanza. Kharumwa nikachukua pikipiki.

"Wapi, mkubwa?"

"Kwa mzee Athanas. Kimbiza."

"Kwenye kikao cha mchawi? Kumbe hata wewe unawahi!"

Nilitamani nimng'ate.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watu kama hamsini. Wengine wamekuja na viti vyao, mmoja ana karanga, anamenya. Simu zimeinuliwa. Sungusungu wamesimama na fimbo, kamanda wao mzee Mageni ana filimbi shingoni.

Katikati, chini kwenye vumbi, ameketi shangazi yangu. Miguu kainyoosha mbele kama mtoto. Kanga yake ilikuwa na alama ya mate. Mtu alishamtemea.

Nikamwendea kwanza, mbele yao wote. Nikapiga goti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, ng'wanawane," akajibu, mwanangu. Sauti yake ilitulia kuliko yangu. "Nyamizi anaendeleaje?"

Hamsini pale, wa kwanza kuuliza hali ya mgonjwa alikuwa mshitakiwa.

"Onesmo, toka hapo, huo si utaratibu," akasema baba mdogo Athanas kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.

"Nina neno, baba mdogo. Kamanda, naomba nafasi."

Mzee Mageni akaitikia kwa kichwa. "Sema."

Nikasema. Nilisema yote, kuanzia darasa la tatu. Kuchagua, kung'oa, kung'ata, kumeza. Nikasema na langu la kufuli, mara saba. Nikasema maneno ya daktari. Wakati nasema naona midomo inakunjwa, wanawake wanajiziba pua utadhani nywele zinanuka kwenye maneno.

"Yaani alikuwa anatupikia huku anakula nywele? Na ule mchuzi wa msibani?" mama mmoja akasema.

"Ptuu!" mwingine.

Luka akasimama. "Uongo! Mimi nalala naye, ningeona. Huyu kaka mtu kanunuliwa. Na kifaranga je? Kifaranga nacho kinaumwa akili? Nywele zilitoka kwenye firigisi, ulikuwepo, Onesmo. Kataa!"

Uwanja ukanguruma. "Jibu! Kifaranga je?"

Na mimi nikakwama. Ndugu zangu, nilikwama kweli. Nilikuwa nimesafiri njia nzima na hilo swali kifuani, sina jibu lake.

Nikamwangalia Luka. Nikauliza tu, ili nipate pumzi, "Kililala wapi?"

"Chumbani kwake. Si ndiyo sharti?"

"Ndani ya tenga?"

"Tenga tulikuwa hatuna. Kililala sakafuni, kinazunguka zunguka."

"Na chumba hicho nani alikuwa anafagia?"

"Afagie nani? Mwenye kufagia si ndiye anayeumwa?"

Aisee. Nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya baridi mgongoni.

"Tangu ameumwa hakijafagiwa?"

"Mpaka leo. Mimi na ufagio wapi na wapi?"

"Kamanda," nikasema, "nyumba ya Luka ni pale, hatua mia. Naomba kifaranga. Lakini kisiwe changu. Baba mdogo atoe cha kwake, asije akasema nimekifanyia dawa."

Athanas akataka kukataa. Watu wakamzomea, kumbe nao wanataka kuona. Umati hauna haki wala huruma, ila udaku unao. Kikashikwa kifaranga cha kijivu, kikapelekwa.

Tukafika. Chumba kina udongo chini, kitanda cha kamba, mwanga unaingia kwenye kadirisha kamoja. Mzee Mageni akachuchumaa mlangoni, tukajazana nyuma yake. Akakiachia.

Kikalia pii, pii. Kikapiga hatua mbili. Kikadonoa punje ya mtama chini ya kitanda.

Kikasimama. Kichwa kikainama upande.

Chini ya kitanda, pale kichwa cha Nyamizi kinapolala, kulikuwa na nywele. Si mbili tatu. Zilikuwa zimetanda kama nyuzi za mkeka uliofumuka, kila moja na kale kadude keupe kwenye ncha. Alikuwa hawezi tena kumeza zote, tumbo limejaa, akawa anazidondosha.

Kifaranga kikadhani ni minyoo. Kikadaka ncha moja nyeupe, kikavuta shingo nyuma, kikameza. Kikaendelea kuvuta kama mtoto anayekula tambi, unywele unaingia, unaingia, mpaka ukaisha.

Kikadaka wa pili.

"Ee Mungu," akasema mzee Mageni.

Yule mama wa karanga alitapikia mgongo wa mtu. Na mimi nikacheka. Si cheko la furaha. Miaka yote hiyo vifaranga vimelala kwenye vyumba vya wagonjwa, vimedonoa uchafu wetu sisi wenyewe, na sisi tumekwenda kuua majirani kwa kilichokutwa kwenye firigisi.

Mngedhani yameisha. Hamuwajui ndugu zangu.

Tuliporudi uwanjani, Athanas akasimama, akarekebisha koti. "Sawa. Tumeona kifaranga. Lakini mtu hali nywele bure. Nani kamtia Nyamizi huo wazimu? Macho ya Apolonia mnayaona. Macho yale ni ya nini?"

Nikaona vichwa vinaanza kuitikia upya.

Shangazi akajikongoja, akasimama. Hakuna aliyemshika mkono ila mimi.

"Macho yangu ni ya nini?" akarudia. "Mageni, wewe ni mtu mzima. Njoo karibu uniangalie kope zangu."

Kamanda akasogea. Akaangalia jicho la kulia, akaangalia la kushoto. "Hamna kitu hapa," akasema. "Huna kope hata moja, mama."

"Nazing'oa. Tangu nina miaka kumi na miwili. Naanza jicho la kulia. Zikiisha naenda la kushoto, na hapo la kulia zimeshachipua. Vumbi linaingia, moshi unaingia, macho yanawaka. Mume wangu alikuwa ananifunga mikono akienda kuchunga. Nikifunguliwa nang'oa. Hakuna aliyenitia, na mimi sijamtia mtu. Nilipomwona Nyamizi yuko na utosi mtupu nilijua. Nikaogopa kusema, maana mwanamke mwenye macho haya akisema kitu, mnajua wenyewe mnavyosikia."

Halafu akamgeukia mdogo wake. Hakupaza sauti.

"Athanas. Tulikuwa tunalala ngozi moja. Ulikuwa unanihesabia. 'Dada leo umetoa sita.' Ulikuwa unacheka."

Baba mdogo akaangalia viatu vyake.

"Ulikuwa unajua," shangazi akasema. "Miaka sitini unajua macho yangu ni ya nini. Na umekaa kwenye kiti, unauliza watu."

Hapo nilimchukia Athanas kuliko nilivyowahi kumchukia kiumbe mwenye miguu miwili. Nilimwangalia yule mzee anavyomeza mate, anavyotafuta pa kuweka mikono, mtu aliyejua na kunyamaza mpaka dada yake akaketishwa kwenye vumbi.

Halafu nikajiona mimi. Sura ile ile. Koti tu ndilo tofauti.

Mzee Mageni akapuliza filimbi. "Hapa hakuna mchawi. Hapa kuna wagonjwa, na kuna wajinga. Tawanyikeni."

Wakatawanyika. Hakuna aliyesema samahani. Wakakunja viti, wakakung'uta maganda ya karanga, wanaulizana mechi ya jioni. Athanas akasema, "Sisi tulikuwa tunatafuta ukweli tu." Ukweli! Alikuwa nao mfukoni toka utotoni.

Januari bado anapasua vifaranga. Niliyaandika majina ya wote waliosimama na kusema siku ile, la Januari likiwa la kwanza, nikapeleka kwa mtendaji na kwa polisi. Akitokea mtu akamgusa yule bibi, hakuna atakayeitwa "asiyejulikana".

Jumatatu nilimpeleka shangazi Geita akamwone mgonjwa. Akavuta kiti karibu na kitanda. Wakaangaliana, wanyonge wawili, mmoja hana utosi, mwingine hana kope.

"Wewe unaanzia wapi?" shangazi akauliza.

"Hapa juu kabisa. Zile ngumu ngumu."

"Mimi napenda zile fupi zinazochoma."

"Eh! Hata mimi zinazochoma ndizo tamu!"

Wakaanza kucheka, Nyamizi kashika mshono wake, analia "shangazi acha, nitafumuka", na shangazi anacheka mpaka yale macho mekundu yanatiririka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikuwahi kusikia wakiulizwa hivyo na mtu yeyote, achilia mbali na mimi.

Wote wawili sasa wanamwona daktari Ritha. Na mimi pia. Wiki hii navuta kufuli mara tatu badala ya saba. Naumia, lakini naondoka.

Wewe unayesoma hapa, usinitumie pole. Nyumbani kwenu yupo mtu ambaye mkono wake unakwenda mahali bila ruhusa yake. Kichwani, kwenye kope, kwenye vidonda, kwenye mali ya jirani asiyoihitaji. Au yupo anayenawa mpaka ngozi inatoka. Umeshamwona. Umejifanya hujaona kwa sababu inatia kinyaa na inatia aibu.

Mimi nilichelewa miaka ishirini na sita, nikabahatika kufika mtu bado ameketi, hajalazwa. Athanas alikuwa na sitini.

Unachokijua kiseme leo, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnakula. Usisubiri kikao.